Somo la Kiingereza: “Put Off” na Maana Zake

Neno “put” ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa mtoto aanzapo kujifunza Kiingereza. Mwalimu huweka kitabu juu ya meza, akalitamka neno, na mtoto hufahamu mara moja ya kuwa maana yake ni kuweka. Neno “off” nalo halichukui muda: kofia imetoka kichwani, kifuniko kimetoka chunguni, basi. Lakini maneno haya mawili yakisimama pamoja, maana ya kuweka hupotea kabisa, na hata mtu aliyemaliza shule ya sekondari huweza kukwama. Aliyezoea kufasiri neno kwa neno atasema “put off” ni “kuweka mbali” au “kuweka nje”, na tafsiri hiyo haitamsaidia kitu.

Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiswahili, kama ilivyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, na barua nyingi za mahakama, za benki, za shule na za waajiri huandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi barua ya namna hiyo huwa na mistari mitatu au minne tu, na uzito wote wa habari huwa katika maneno mawili kama haya. Mwenye barua akikosea maana yake, aweza kupoteza shamba, au kazi, au nafasi ya mtoto shuleni.

Yafaa kwanza kutazama namna Kiingereza kinavyofanya kazi. Kiswahili kikitaka kugeuza maana ya kitendo hubadili mwisho wa neno lenyewe. Kutoka “shika” hupatikana shikia, shikana, shikisha, shikilia na shikamana, wala hakuna Mswahili anayedhani kwamba mtu anayeshikilia neno lake amelikamata kwa vidole. Kiingereza huacha kitendo kama kilivyo, kisha hukiongezea kijineno nyuma: off, on, up, out, down, away. Kijineno hicho ndicho kinachofanya kazi ya mwisho wa neno la Kiswahili. “Put on” ni kuvaa. “Put out” ni kuzima moto. “Put up” ni kusimamisha au kutundika, na pia kumpa mgeni mahali pa kulala. Hivi ni vitendo mbalimbali kabisa, na kila kimoja chapasa kujifunzwa peke yake, kana kwamba ni neno geni lisilo na ndugu.

Waingereza wenyewe wanajua kwamba jambo hili ni gumu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri huko London mwaka 1755, alieleza katika dibaji ya kuwa maneno ya namna hii ndiyo yanayowatatiza wageni kuliko mengine, na kwamba ameyakusanya kwa uangalifu mwingi. Zaidi ya miaka 260 imepita, na mgeni bado anatatizika.

Maana ya “put off” inayotumika zaidi ni kuahirisha, yaani kuliondoa jambo katika siku yake na kulipeleka mbele. Katika maandishi ya ofisini aghalabu hutumika “postpone”, neno lililotoka katika Kilatini, ambalo kwa asili yake ni kuweka baada. Na mahakimu hupenda “adjourn”, lililopitia Kifaransa, ambalo ndani yake limo neno la siku. “Put off” ni lugha ya kila siku, lakini karani anayeandika kwa lugha nyepesi hulitumia vilevile. Kiswahili nacho kilichukua “ahirisha” katika Kiarabu, kutoka shina lile lile la neno “ahera”. Hata hivyo jambo lililoahirishwa halikwenda ahera. Li hai, nalo linangoja siku yake.

Mfano mzuri ni wa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza. Siku iliyowekwa ilikuwa tarehe 26 Juni 1902. Wageni wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha fika London. Ghafula mfalme akazidiwa na ugonjwa wa tumbo, na tarehe 24 ikambidi apasuliwe. Sherehe ikawa “put off”. Mfalme akapona, akatawazwa tarehe 9 Agosti mwaka ule ule. Mfano mwingine ni wa vita. Jenerali Eisenhower alikuwa amepanga kuvusha majeshi kwenda Normandy, Ufaransa, tarehe 5 Juni 1944. Hali ya hewa ilipochafuka aliliahirisha jambo hilo kwa siku moja tu, na majeshi yakashuka pwani tarehe 6. Askari aliyedhani kwamba “put off” maana yake vita havipo, angalishangaa sana siku ya pili yake.

Hapa ndipo penye hatari, kwa maana Kiingereza kina neno jingine linalofanana nalo kwa sauti na kwa umbo, lakini maana yake ni mbali: “call off”. Hilo ni kufuta jambo, lisiwepo tena. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, maneno yote mawili yalitumika katika muda wa siku chache. Tarehe 24 Machi ilitangazwa ya kuwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo imekuwa “put off”. Ikafanyika mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 23 Julai 2021, nayo ikaendelea kuitwa Tokyo 2020. Tarehe 1 Aprili ilitangazwa ya kuwa mashindano ya tenisi ya Wimbledon yamekuwa “called off”. Mashindano ya Wimbledon ya mwaka 2020 hayakuchezwa, wala hayatachezwa kamwe. Wakenya wawili, Eliud Kipchoge na Peres Jepchirchir, walishinda mbio za marathon za Olimpiki hiyo huko Sapporo mwezi wa Agosti 2021. Lau michezo ingalikuwa “called off”, kama ilivyokuwa mwaka 1916, mwaka 1940 na mwaka 1944 kwa sababu ya vita, medali hizo mbili zisingalikuwako. Hata watoto wa shule wa Kenya waliionja tofauti hiyo: mitihani ya taifa ya mwaka 2020 ilikuwa “put off”, wakaifanya mwezi wa Machi na Aprili 2021. Mtoto aliyevitupa vitabu vyake kwa kudhani kwamba mtihani umefutwa alipata hasara.

Sasa na ichukuliwe kwamba mzee mmoja anadaiwa mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na siku ya kusikilizwa ni tarehe 14 Machi. Kabla ya siku hiyo apata barua yenye maneno haya: “The hearing fixed for 14 March has been put off until 9 May.” Mzee amwita mpwa wake aliye shuleni amsomee. Kijana aona “off”, akumbuka taa inayozimwa, naye asema kwa furaha, “Mjomba, kesi imeondolewa.” Mzee amshukuru Mungu, aiweka barua sandukuni, arudi kwenye palizi yake. Tarehe 9 Mei jina lake laitwa mahakamani, naye yuko shambani na jembe mkononi.

Sheria ya kesi za madai humruhusu hakimu, ikiwa mdaiwa alipewa habari sawasawa na hakufika, kumsikiliza mdai peke yake na kutoa hukumu. Akikosekana mdai, hakimu aweza kuitupa kesi yake. Ipo njia ya kuomba hukumu ya namna hiyo iondolewe, lakini njia hiyo yataka fedha na muda, wala hakimu halazimiki kukubali. Na kumwambia hakimu kwamba neno la Kiingereza lilifasiriwa vibaya nyumbani ni udhuru mwembamba.

Dawa yake ni nyepesi. Jambo lililo “put off” lina siku nyingine, hata kama siku hiyo haijatajwa. Basi mtu akiambiwa maneno hayo na karani, naye aulize mara moja, “Until when?”, yaani “Mpaka lini?” Akijibiwa tarehe, aiandike. Akijibiwa “until further notice”, maana yake ni mpaka itakapotangazwa tena, nayo yampasa kwenda kuuliza mara kwa mara asije akapitwa. Lakini karani akisema “It has been called off”, hakuna mpaka lini.

Tarehe zenyewe hutajwa kwa namna mbili, na yafaa kuziangalia. “Until” au “till” huonyesha siku mpya: “put off until Friday”, imeahirishwa mpaka Ijumaa. “For” na “by” huonyesha urefu wa muda: “put off for two weeks” au “put off by two weeks”, imeahirishwa kwa majuma mawili. Katika namna hii ya pili msomaji hana budi kuhesabu mwenyewe, tena aanze kuhesabu tangu siku iliyokuwa imewekwa, si tangu siku alipoipokea barua. Wengi hukosea hapo. Ikiwa mkutano ulikuwa tarehe 3, na barua yasema “put off by two weeks”, mkutano ni tarehe 17, hata kama barua ilifika tarehe 1.

Sarufi ya neno hili si ndefu. “Put” halibadiliki katika wakati uliopita. “Putted” si neno la mtu asemaye habari hii. Kwa hiyo “He puts off the work” maana yake huiahirisha kazi, ni desturi yake, bali “He put off the work” maana yake aliiahirisha. Herufi moja ya “s” ndiyo inayotenganisha mtu mvivu na mtu aliyechelewa mara moja. Kitendo kingine kikifuata, humalizikia kwa “-ing”: “She put off paying the fees”, wala si “put off to pay”. Nalo jina la kitu huweza kukaa mwisho au katikati: “They put off the meeting” na “They put the meeting off” ni sawasawa. Lakini kama jina limeachwa na pahali pake pametiwa “it” au “them”, basi ni katikati tu: “They put it off”. Mtu asemaye “They put off it” husikika kama asemaye kwa Kiswahili “waahirisha-u”. Tena mfano huu wa Kiswahili wasaidia kukumbuka, maana katika “waliuahirisha” ile “u” ya mkutano imekaa katikati vilevile, ilhali neno “mkutano” lenyewe hukaa nyuma.

Mpaka hapa kilichoahirishwa ni jambo. Inapokuwa anayefanywa “put off” ni mtu, maana hugeuka, na msomaji mwangalifu hutazama kwanza ni nani au ni nini kilichotajwa baada ya maneno hayo.

Mdeni aweza “kumput off” mdai wake, kama wasemavyo vijana wa mjini wanaochanganya lugha. “He put me off with promises” maana yake alinizungusha kwa ahadi: njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi, njoo baada ya mavuno. Dawa ya deni ni kulipa, lakini Kiingereza kina neno kamili kwa wale wanaojaribu dawa nyingine. Tena mwenye nyumba aweza kuwaahirisha wageni: “We must put our visitors off, because the child is ill”, yaani yatupasa kuwaarifu wageni wasije sasa, kwa sababu mtoto ni mgonjwa. Si kuwafukuza, wala si kuwatukana. Anayepata ujumbe wa namna hiyo asione uchungu.

Maana nyingine ya mtu kuwa “put off” ni kuvunjika moyo, kutolewa hamu au kutiwa kinyaa. “The smell put him off his food”: harufu ile ilimtoa hamu ya kula. “Do not be put off by the price”: usivunjwe moyo na bei. Matangazo ya kazi na ya masomo hutumia sana neno hili, nalo si katazo bali ni kutia moyo. Kijana asomaye “Do not be put off if you have no experience” akadhani kwamba asiye na uzoefu asilete maombi, ameifungia riziki yake mlango kwa mkono wake mwenyewe. Tangazo lamwambia asiogope, alete maombi. Kutokana na maana hii limetoka neno “off-putting”, la kuelezea kitu au mtu anayechukiza kidogo, au anayewafanya watu wasimkaribie.

Maneno mawili yafuatayo yawekwe bega kwa bega, maana yanaonyesha tofauti nzima. “He put off eating” ni kwamba alichelewesha kula kwake. Labda alingoja wenzake wafike. “It put him off eating” ni kwamba kitu fulani kilimfanya asitake kula. Katika neno la kwanza yeye ndiye aliyetenda. Katika la pili yeye ndiye aliyetendwa.

Karibu na hapo iko maana ya kumfanya mtu akosee kwa kumsumbua akili. Mchezaji amesimama tayari kupiga mpira wa adhabu, watazamaji wa upande wa pili wapiga kelele, naye aupeleka juu ya goli. “The noise put him off.” Wanafunzi walio katika chumba cha mtihani hulihitaji neno hili pia, karani wa ofisi ya jirani aonapo ni wakati mzuri wa kuwasha redio.

Nchini Kenya, na kwingineko katika Afrika ya Mashariki, husikika sana “put off the light”, yaani zima taa. Watu huelewana kwa maneno hayo, wala hakuna aliyekosa kulala kwa sababu yake. Lakini Waingereza wengi husema “turn off” au “switch off” kwa taa ya umeme, na “put out” kwa mshumaa, kuni au nyumba inayoungua. Mwanafunzi anayeandika insha ya mtihani afuate hivyo, hasa kwa moto: “The men put out the fire” maana yake watu waliuzima, “The men put off the fire” humfanya msomaji adhani kwamba wanaume hao walikubaliana nyumba iungue siku nyingine.

Zimebaki maana chache zisizohitaji maneno mengi. Kondakta wa basi akimteremsha abiria asiye na nauli, “he put him off the bus”. Na abiria aweza kumwomba dereva, “Please put me off at the bridge”, nishushe darajani. Chombo kikiondoka ufukweni, huweza kusemwa kwamba “it put off from the shore”. Na wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watalikuta neno hili mahali Musa aambiwapo avue viatu. Siku hizi anayevua viatu husema “take off”. “Put off” kwa maana ya kuvua limebaki katika vitabu vya kale.

Kwa mazoezi, msomaji ajaribu kuyafasiri maneno haya matano kabla ya kutazama majibu. (1) “The wedding has been put off until after the harvest.” (2) “The long form put many people off.” (3) “He owes me money, but he puts me off every month.” (4) “She put off paying the fees, and the boy was sent home.” (5) “The match was not put off. It was called off.”

Majibu: (1) Harusi imeahirishwa mpaka baada ya mavuno. (2) Ile fomu ndefu iliwavunja moyo watu wengi. Aliyeandika “iliahirisha watu wengi” arudie kusoma habari za mtu kuwa “put off”. (3) Ana deni langu, lakini hunizungusha kila mwezi. Hapa “s” ipo, kwa hiyo ni desturi yake. (4) Alichelewesha kulipa karo, na mtoto akarudishwa nyumbani. (5) Mchezo haukuahirishwa, ulifutwa. Basi mwenye tiketi asiingoje siku nyingine, bali aende kuuliza habari za fedha zake.